Mtihani wa Foronya Nne

Jumanne saa nne asubuhi, furushi la shuka thelathini lilirudi kwa Mama Povu juu ya kichwa cha mhudumu wa zahanati ya wazazi. Juu ya furushi kulikuwa na kikaratasi kimebanwa kwa pini. Mhudumu alilitua, akasema, "Mimi nimetumwa tu," akaondoka haraka kabla hajaulizwa.

Mama Povu alikuwa dobi. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji tangu usichana, na jina lile alipewa kwa sababu hata ukikutana naye njiani amevaa vizuri, viwiko vyake vilikuwa na povu ambalo halijakauka. Akafuta mikono kwenye kanga, akakichomoa kikaratasi. Kilitoka kwa Muuguzi Mkuu, mwanamke aliyeandika kwa herufi zilizosimama wima kama askari wa gwaride.

"Mama Povu. Shuka zina vidoadoa vyeusi. Jana mzazi mmoja aliona kidoa kwenye shavu la mtoto wake mchanga, akadhani ni alama ya kuzaliwa. Akamwita mumewe, mumewe akawaita wazazi wake, ukoo wote ukaanza kubishana alama imetoka upande gani. Babu wa mtoto akafungua shati kuonyesha ya kwake. Nikapangusa kwa pamba, ikatoka. Sasa ukoo umenuna. Ijumaa saa tatu nakuja mwenyewe kuziona shuka zikiwa kambani. Nikikuta kidoa kimoja, kazi nawapa wale wenye mashine."

Mama Povu alikisoma mara mbili, maana alitumaini mara ya pili kitasema vingine. Kazi ya zahanati ndiyo iliyomweka mjini yeye na mama mkwe wake, tangu mumewe alipokwenda mbali kwenye ujenzi wa barabara. Tena haikuwa chakula tu. Kila mtoto aliyezaliwa pale mtaani alilazwa kwanza kwenye shuka lililopita mikononi mwake. Akiikosa kazi hiyo atabaki na soksi za watu, na soksi hazina heshima.

Mama mkwe alikuwa dirishani kwenye kiti chake. Alikohoa, akanywa maji, akakohoa tena.

"Mimi sisemi kitu," alisema.

"Sema tu, Mama."

"Sisemi. Ila ungekuwa unatazama juu kabla ya kuanika."

"Juu yuko Mungu, Mama."

"Na moshi pia uko."

Kweli moshi ulikuwepo. Ulitanda juu ya mtaa tangu asubuhi hadi jioni, ukiwachoma watu macho na kuwakwaruza koo, hata salamu za pale zilianza na kikohozi na kumalizia na kikohozi. Basi Mama Povu akapiga magoti palepale penye beseni, kama alivyofanya kila alipozidiwa.

"Ee Mungu unayeona yote, mfichue huyu mwenye moshi. Muumbue mchana kweupe, mbele ya majirani wote, asipate pa kuficha uso. Amina."

"Amina!" alidakia mama mkwe, kwa furaha iliyozidi kipimo.

Mama Povu akachukua foronya moja yenye vidoa, akaitupia begani, akatoka kumsaka mwenye moshi.

Alianzia gereji. Fundi Spana alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana. Pembeni yake pipa la matambara yaliyolowa oili lilikuwa linaungua polepole, na gari jingine lilikuwa linanguruma peke yake, linatoa moshi wa rangi ya bluu.

"Fundi, hebu toka huko chini."

"Nani?"

"Dobi."

Miguu ikajivuta ndani zaidi.

"Fundi, nakuona!"

Fundi Spana akajiburuta nje, uso umejaa grisi. Mama Povu akalowesha kidole kwa mate, akasugua kidoa, akanusa. "Hiki kina mafuta. Kila siku unachoma matambara, na magari yako yanakohoa kumzidi mama mkwe wangu."

"Lakini mimi nayatibu, Mama Povu! Umeshaona hospitali isiyo na wagonjwa wanaokohoa? Unanionea bure. Nenda kwa Bwana Mkate. Anachoma kuni mbichi kama anafukuza nyuki."

Bwana Mkate alikuwa mbele ya tanuri lake, mnene, nyusi nyeupe kwa unga. Kuni zilikuwa zinatoa maji na kulia *chwii* ndani ya moto, na mlango wote ulikuwa mvuke na moshi.

"Kwangu hapatoki moshi," alisema kabla hajaulizwa. "Panatoka harufu nzuri."

"Mbona macho mekundu?"

"Ni huzuni."

"Huzuni ya nini?"

"Ya kusingiziwa. Nimekuona ulivyotoka gereji na hiyo foronya, nikajua zamu yangu inakuja. Mwenye moshi ni Babu Kiberiti, dunia nzima inajua."

Babu Kiberiti alikuwa mstaafu, na tangu astaafu kazi yake ilikuwa moja: kuchoma takataka uani. Majani, mifuko ya nailoni, chupa za plastiki, na wiki iliyopita nusu ya godoro. Mama Povu alipofika hakuona mtu. Aliona wingu limekaa uani, na ndani ya wingu kulikuwa na sauti.

"Karibu, mwanangu."

"Babu, uko wapi?"

"Fuata kikohozi."

Akakifuata mpaka akamkuta ameketi kwenye kigoda, machozi yanamtiririka, kiberiti mkononi.

"Babu, moshi wote huu wa nini?"

"Dawa ya mbu."

"Mbu wamekufa?"

"Hawajafa. Ila hawanioni."

"Hata mimi sikuoni! Na hiyo nailoni, Babu, moshi wake una sumu, zahanati wanatuambia kila siku. Ndio unaokubana kifua hicho."

"Kifua kilianza kubana zamani, nilipoanza dawa ya mbu," alisema Babu Kiberiti, akakitazama kiberiti kama mtu aliyesikia jambo katika maneno yake mwenyewe. Kisha akaliacha lipite. "Mwenye moshi ni Fundi Spana. Kwa heshima zote."

Mduara ukawa umefungwa. Mama Povu akarudi nyumbani, akafungua sanduku, akatoa foronya nne nyeupe pe. Akazitia alama kwa uzi: nyekundu ya Fundi Spana, njano ya Bwana Mkate, kijani ya Babu Kiberiti, na bluu ya kwake, kwa ajili ya kulinganishia. Jioni ileile akawagawia.

"Kesho mzianike uani kwenu tangu asubuhi mpaka saa kumi. Kisha mje nazo kwangu. Foronya haipokei rushwa."

Jumatano Mama Povu aliamka mapema kuchemsha shuka, kama kawaida yake. Pipa lake lilikaa juu ya mawe matatu, na chini ya pipa aliweka soli za viatu na kandambili zilizokatika, alizopewa bure na fundi viatu kwa gunia. Kandambili zina raha yake. Hazihitaji kupulizwa, zinashika mara moja, maji yanatokota kabla hujamaliza kuimba pambio. Moshi wake ulikuwa mweusi na mzito, unapanda hadi ukutani, unasita, kisha unarudi chini kama mgeni aliyesahau mwavuli. Mama Povu alilisogelea pipa kwa upande ambao moshi hauji, akaendelea na kazi. Ule hakuuhesabu. Ule ulikuwa moshi wa usafi.

Mama mkwe akafunga dirisha.

Saa kumi watu walikusanyika uani kwa Mama Povu, watuhumiwa watatu wamekaa kwenye benchi na majirani wengine wamesimama mlangoni kushuhudia.

"Nyekundu," aliita Mama Povu.

Fundi Spana akatoa foronya. Ilikuwa nyeupe vilevile, hata mikunjo ya pasi ilikuwepo.

"Umeianika wapi?"

"Uani."

"Uani wapi?"

"Ndani ya gari lililoko uani."

"Na vioo?"

"Nilivipandisha. Kulikuwa na vumbi."

Watu wakaguna. Mama Povu akaita njano. Bwana Mkate akaileta ya kwake kwa mikono miwili kama mtoto wa ubatizo. Ilikuwa nyeupe kuliko ilivyoondoka. Mama Povu akaikung'uta mara moja, wingu la unga likaruka, na uwanja mzima ukapiga chafya kwa pamoja.

"Umeitia stoo ya unga!"

"Nilitaka ikae na wenzake," alisema Bwana Mkate.

Ya Babu Kiberiti ilikuwa imelowa chepechepe.

"Babu, mbona inachuruzika?"

"Imetoka jasho. Jua lilikuwa kali."

"Umeifua!"

"Ningeifua ingekuwa safi namna hii? Mimi sijui kufua."

Ikabaki bluu, iliyokuwa bado kambani uani kwa Mama Povu, mbele ya macho ya wote. Akaichomoa vibanio, akaigeuza. Ilikuwa na masizi kama sehemu ya chini ya sufuria. Mtu mmoja mlangoni akacheka kwa pua. Kisha wakaangua kicheko wote.

"Mnacheka!" Mama Povu alifoka. "Ninyi mnaficha foronya, mimi mkweli ndio naumia! Moshi wenu wote mnaurundika kwangu! Basi kesho, Bwana Mkate akishatoa mikate ya alfajiri, hakuna moto mtaa mzima. Mtakuja kukaa hapa, nyote watatu, chini ya macho yangu. Nami nitachemsha shuka zangu hapahapa, tuone kama hewa ikiwa safi zitaota madoa."

Bwana Mkate akamtazama Fundi Spana. Fundi Spana akamtazama Babu Kiberiti. Babu Kiberiti akatazama viatu vyake.

"Sawa, Mama Povu," walijibu, kwa upole wa ajabu.

Alhamisi saa mbili mtaa ulikuwa kimya. Mikate ilikuwa imekwisha kutoka, na mdomo wa tanuri umezibwa kwa bati. Gereji ilikuwa na kufuli. Babu Kiberiti aliamriwa akabidhi kiberiti kwa mama mkwe, naye akakitia kifuani, mahali ambapo hata jeshi lisingethubutu kukifuata. Kisha wakakaa benchini.

Hewa ikafunguka. Kwanza yakaonekana mapaa ya mtaa wa pili, kisha miti, na mwishowe kilima.

"Kumbe kile kilima bado kipo?" alishangaa Babu Kiberiti. "Mimi nilijua walishakisawazisha."

Mama mkwe alifungua dirisha, akavuta pumzi ndefu, akangoja kikohozi. Hakikuja. Akavuta nyingine, kama mtu anayeonjeshwa asali.

"Mmeona?" Mama Povu alisema kwa ushindi. "Mmeona mtaa ulivyo bila ninyi?" Akapanga soli na kandambili chini ya pipa. "Mama, naomba hicho kiberiti."

Mama mkwe alikitoa haraka kuliko alivyokiingiza.

Njiti ikawaka, kandambili zikashika. Moshi ukatoka mweusi, ukapanda mpaka ukutani, ukasita, ukageuka. Kipande cha sizi kilishuka taratibu, kinapepea huku na huku, kikatua katikati ya upara wa Bwana Mkate. Hakukipangusa. Fundi Spana aliuma midomo mpaka mabega yakamtikisika.

Mama Povu akasikia macho yanamwasha. Akainua uso ili amwone aliyevunja makubaliano. Akatazama gereji: kimya. Akatazama tanuri: kimya. Akatazama uani kwa Babu Kiberiti: kuku tu. Mbingu nzima ilikuwa na moshi mmoja. Akaufuata kwa macho, kutoka juu kushuka chini, taratibu, mpaka akalifikia shina lake. Shina lilikuwa chini ya pipa lake mwenyewe.

"Mama," aliita kwa sauti ndogo.

"Mimi sisemi kitu."

"Safari hii sema."

"Ni wewe, mwanangu. Hawa nao wamo, kila mtu na fungu lake, wasijifanye malaika. Lakini mwenyekiti ni wewe, tangu siku ulipoanza kuchoma kandambili."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulikuja kwangu na hasira na foronya," alisema Fundi Spana. "Ningekuambia vipi, na mimi niko chini ya gari?"

"Mimi nilidhani unajua," alisema Babu Kiberiti. "Nilijiambia, ikiwa dobi anayetunza shuka za wazazi anachoma viatu, mimi nani nisichome godoro?"

Hapo Mama Povu akaikumbuka sala yake. Mchana kweupe, aliomba. Mbele ya majirani wote. Mungu alikuwa amemjibu upesi, bila kupunguza hata kipengele kimoja. Akashika kilichokuwa karibu, akajifunika uso kwa aibu. Kilichokuwa karibu kilikuwa foronya ya bluu, na alipoitoa usoni, hali ilikuwa mbaya zaidi.

Safari hii hakuna aliyeweza kujizuia. Hata mama mkwe alicheka mpaka akashika dirisha. Mama Povu aliwatazama kwa uso wake mweusi, akataka kukasirika, akashindwa, akajikuta naye anacheka. Kisha akachota ndoo ya maji, akaumwagia moto mwenyewe, akaketi juu ya beseni lililopinduliwa.

"Basi," alisema. "Shuka thelathini, na kesho saa tatu Muuguzi Mkuu yuko hapa. Bila moto siwezi kuchemsha, na nikiwasha moto nachafua. Kazi imekwenda."

Bwana Mkate akapangusa upara. "Tanuri langu bado la moto," alisema.

"Si umezima?"

"Kuni zimekwisha, moto ndio umezimika. Lakini matofali yanakaa na joto mpaka jioni, na hayatoi moshi hata kidogo. Kila siku joto lile linapotea bure. Ndani zinaingia sufuria mbili kubwa, tukizisukuma kwa koleo la mikate."

"Na mimi nina pipa la maji juu ya paa la gereji," alisema Fundi Spana. "Nililipaka rangi nyeusi. Likipigwa na jua, maji yake huwezi kuyashika. Utasuuzia."

Wakasimama. Shuka zikahamia kwenye mikate. Bwana Mkate alisukuma sufuria ndani kwa koleo refu, akapayuka, "Pembeni, mkate wa zahanati!" kila mara aliporudi nyuma. Alipoona Mama Povu anatazama lundo la kuni zake zilizolowa, akaanza mwenyewe kuzipanga juu ya tanuri zikauke, maana kuni kavu hazilii wala hazifuki moshi wa kutisha, na alilijua hilo miaka yote, uvivu tu. Fundi Spana alifunika yale matambara kwenye debe lenye mfuniko ili awape wanaonunua oili chafu. Babu Kiberiti alipewa jembe, akachimba shimo la majani yake, akalalamika kwa kila pigo. Usiku wa kuamkia Ijumaa akalala kwenye chandarua alichoazimwa na mama mkwe.

"Vipi mbu, Babu?" waliomuona asubuhi walimuuliza.

"Wananiona sasa. Lakini hawaingii. Wanakaa nje wananisikitikia."

Ijumaa saa tatu kamili shuka thelathini zilikuwa kambani, nyeupe mpaka zinaumiza macho. Gari la zahanati likaingia uani kinyumenyume, Muuguzi Mkuu akashuka na miwani yake. Hakusalimia kwa maneno mengi. Alianza shuka la kwanza, akaligeuza, akaenda la pili. Watu wa benchini walikaa wima kama wanafunzi. Mama Povu alitembea nyuma yake, midomo inacheza kwa sala, na safari hii alichagua maneno kwa uangalifu mkubwa.

Kwenye shuka la kumi na mbili Muuguzi Mkuu akasimama, akanusa.

"Mbona zina harufu ya mkate?"

"Ni utaratibu mpya, Sista."

"Wazazi wangu watashinda na njaa." Akaendelea. Ishirini. Ishirini na tano. Alifika la thelathini, akavua miwani. "Mama Povu, sijaona kidoa. Kwa hiyo kazi..."

Dereva, aliyekuwa na haraka zake, akaona ameshamaliza. Akawasha gari alisogeze ili apakie vizuri. Gari likatikisika, likajikaza, likatoa *puuuh* moja kubwa, jeusi, nene, moja kwa moja kwenye kamba iliyokuwa karibu na lango. Wingu likawameza wote.

Lilipotawanyika, shuka nne zilikuwa kama zimepulizwa na pampu ya wino. Gauni jeupe la Muuguzi Mkuu lilikuwa hivyohivyo.

Muuguzi Mkuu akageuka polepole. "Dereva. Gari hili linafanya hivi kila siku?"

"Kila siku, Sista. Wewe huwa unakaa mbele."

Fundi Spana alikuwa ameshafika, kichwa ndani ya boneti. "Chujio la hewa limeziba, nozeli zimechoka," alisema. "Nipe mpaka mchana, litakohoa kidogo kama mtu mzima."

Mama Povu alitazama shuka zake nne. Kidoa kimoja, kikaratasi kilisema, na pale kulikuwa na vidoa vya kugawia ukoo mzima na wakwe zao. Maneno yalimjaa kinywani, makali, ya kumtosha dereva na gari na zahanati yote. Akayameza.

"Sista," alisema, "siwezi kukurushia neno. Jana nilikuwa nimesimama hapohapo uliposimama wewe, tena na uso mweusi kuliko huo."

Muuguzi Mkuu alimtazama. Kisha akakunja mikono ya gauni lake, mara moja, mara mbili, mpaka juu ya viwiko.

"Beseni liko wapi?"

Gari likasukumwa hadi gereji bila kuwashwa, Bwana Mkate na Babu Kiberiti wakihema nyuma yake. Dereva akapewa mkokoteni, akaondoka na shuka ishirini na sita zilizobaki salama, anatazama chini. Uani wakabaki wanawake wawili wameinamia beseni moja, na mama mkwe dirishani akihesabu makosa.

"Usilinyonge, Sista," Mama Povu alisema. "Likamue. Nyonga kidogo, achia. Hivyo."

"Mimi nazalisha watoto miaka ishirini, utanifundisha kukamua?"

"Mtoto humkamui, Sista."

Muuguzi Mkuu akacheka kwa mara ya kwanza tangu wamjue. Povu lilikuwa limempanda mpaka viwikoni. Alilikunjua shuka, akaliinua juani, akalikagua kwa jicho moja, akalirudisha majini mwenyewe bila kuambiwa.

"Jumatatu nikuletee ngapi?" aliuliza, bado ameinama.

"Zote," alisema Mama Povu.